Mbwa Waliyemtoa kwenye Wasifu wa Baba

Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane mwaka huu tulimzika baba yangu shambani kwetu Moiben. Siku hiyo nilipoteza vitu viwili. Cha kwanza ni Baba mwenyewe. Cha pili ni aya moja ya wasifu wake, niliyoiandika kwa mkono wangu na ambayo haikusomwa.

Sasa nimerudi mjini, kwenye chumba changu cha kushonea nguo huku Pioneer, na koti lake la mazoezi limening'inia nyuma ya mlango. Ni koti la bluu lililopauka, zipu yake ilikufa zamani, na viwiko vyake niliviwekea viraka mimi. Kila nikifunga mlango, koti hutikisika na chumba chote hunuka dawa ya kuchua. Kama hujawahi kuishi karibu na wakimbiaji, harufu hiyo huijui. Ni kali kama tangawizi iliyotoka kupondwa, ni baridi puani halafu moto kooni, na haitoki kwenye nguo hata ufue namna gani. Wateja wananiuliza nani anaumwa humu ndani. Nawaambia hakuna.

Harufu hiyo ndiyo imenikalisha chini niandike. Mimi si mtu wa kuandika. Shule niliiachia kidato cha pili. Lakini ile aya naikumbuka, na nataka mjue kwamba hawakuitoa kwa sababu ilikuwa ya uongo.

Kaka yake Baba, ninayemwita Baba Mkubwa, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Ni mzee wa kanisa, mwenye sauti nzito, na goti lake la kulia limevimba kwa miaka mingi kiasi kwamba akikaa hulinyoosha juu ya kigoda. Alikuwa amekaa hivyo uani alipoichukua karatasi yangu na kuisoma huku midomo ikitembea. Alipofika kwa mbwa, midomo ikasimama.

"Hii ya mbwa, hapana," alisema.

"Ni ukweli, Baba Mkubwa."

"Sijasema ni uongo. Nimesema hapana. Askofu atakuwa amekaa pale mbele. Kuna watu wanatoka mpaka Nairobi. Unataka wasikie Mikono alifutwa kazi juu ya mbwa?"

Mikono ndilo jina ambalo watu wote walimwita Baba. Alikuwa mchuaji wa wakimbiaji, na mikono yake ilijulikana kuliko uso wake.

Baba Mkubwa akapiga mstari juu ya aya yangu, akaandika pembeni kwamba marehemu alistaafu kwa sababu za kiafya. Siku ya mazishi nilisimama, nikasoma kilichopigwa chapa, nikakaa. Sikutaka kugombana juu ya jeneza. Lakini sasa Baba amelala, hema limerudishwa kwa mwenyewe, na hapa kwangu hakuna askofu. Kwa hivyo nitawaambia nyinyi.

Nilikuwa darasa la nne wakati huo. Kambi ya wakimbiaji ilikuwa upande wa pili wa shamba letu, ukivuka tu barabara ya vumbi, na Baba alifanya kazi huko tangu kabla sijazaliwa. Wakitoka mazoezini walilala mmoja mmoja kwenye meza ya mbao, naye akapita juu ya miguu yao kwa vidole gumba, polepole, akiuliza, "Hapa? Na hapa?" Wao wakijibu hapana, hapana, ndiyo, hapo, taratibu mzee. Nilizoea kukaa kwenye ndoo iliyofunikwa nikimngoja turudi nyumbani pamoja. Nilijua mvuto wa pumzi ya mtu anayeumwa na anajifanya haumwi.

Mbwa wetu alikuwa Chui. Alikuwa wa rangi ya mchanga, na madoa meusi mgongoni yaliyompa jina. Kila asubuhi alisubiri langoni mpaka asikie viatu. Kundi la wakimbiaji likipita, naye alijiunga, akakimbia nao mpaka kwenye josho la ng'ombe lililoachwa, kisha akarudi peke yake ulimi nje, kama mtu aliyemaliza zamu. Hawakumfukuza. Baba alisema Chui ndiye mkimbiaji wa pekee kwenye kambi ile ambaye hajawahi kumwuliza habari ya viatu vipya.

Ajali ilitokea wakati wa mavuno. Trekta ilikuwa inarudi nyuma uani kwetu na trela iliyojaa mahindi, na Chui akataka kupita kati ya trela na ua wa michongoma. Alikuwa amepita hapo maisha yake yote. Trela ikayumba ikamgonga nyongani, ikamtupa. Sauti aliyotoa sitaieleza. Alipojaribu kuinuka, upande wa mbele ulisimama na wa nyuma ukabaki chini, ukimfuata kama gunia lililofungwa kamba.

Baba Mkubwa, ambaye nyumba yake iko mita chache tu kutoka kwetu, alifika kabla vumbi halijatulia. Alitazama, akatikisa kichwa.

"Nitaleta dawa," alisema.

Sote tulijua ni dawa gani. Alikuwa anaiweka juu ya kabati, ile ya panya, imefungwa kwenye gazeti.

"Ngoja kwanza," Baba alisema.

"Ningoje nini? Mbwa wa kulala ni wa nini? Atakula ugali na hawezi hata kubwekea kuku?"

"Nimesema ngoja."

Kwetu, kaka mkubwa akisema jambo la boma, limesemwa. Babu alimwachia yeye neno la mwisho, na Baba aliliheshimu. Nilidhani limekwisha. Lakini Baba hakuondoka pale chini alipochuchumaa, mkono wake mgongoni kwa Chui, na Baba Mkubwa hakuweza kumsogeza.

"Basi mpaka mahindi yaingie stoo," Baba Mkubwa akasema mwishowe. "Yakiingia yote, na huyu bado hajasimama kwa miguu yake, nitammaliza mwenyewe. Na hakuna mtu atanililia hapa." Hayo ya mwisho alinitazama mimi.

Jioni hiyo hiyo Baba alifanya kitu alichokijua. Alimlaza Chui juu ya gunia chini ya kibanda cha kuni, akafungua chupa ya dawa ya kuchua, akammiminia kwenye nyonga na mapaja, akamchua kama alivyowachua wanaume wa kambi. Kwa nguvu, mpaka ndani. Chui aliuma gunia. Baba akaniambia ndivyo inavyokuwa, hata wakubwa huuma taulo. Nilimshika Chui kichwa na nikaamini kabisa kwamba kesho ataamka akiwa mzima.

Kesho yake aliamka akitapika. Alitapika mpaka hakukuwa na kitu cha kutapika, macho yamezama, na mdomo wake wote ulinuka kambi. Mama alichungulia kibandani, akarudi ndani, akatoka tena.

"Umempa nini?"

"Sijampa kitu. Nimemchua tu."

Bahati ilikuwa kwamba siku hiyo daktari wa mifugo alikuwa aje kumpandikiza ng'ombe wetu mbegu. Tulimtegemea mzee mnene aliyezoea kuja, lakini akaja msichana kwenye pikipiki, buti zikiwa na matope mpaka magotini. Alijitambulisha kuwa Daktari Salome. Alimaliza na ng'ombe, akanawa, kisha akasimama akinusa.

"Hapa nani anakimbia?" aliuliza.

Baba akampeleka kibandani. Alimtazama Chui, akamwinamia, akamnusa mdomo, akamnusa nyonga, akamgeukia Baba.

"Mzee, umemchua kama binadamu."

"Ndivyo ninavyojua."

"Umemchua vizuri sana. Shida ni kwamba binadamu hajilambi."

Nilimwona Baba akielewa. Ilimchukua muda kidogo. Mbwa alikuwa amelamba dawa yote usiku kucha, na dawa ile ndani ya tumbo la mbwa ni sumu. Baba alikuwa amekaribia kufanya kwa mikono yake kile ambacho Baba Mkubwa alitaka kufanya kwa gazeti lake. Hakujitetea. Alivua kofia, akauliza, "Sasa?"

Kwa wanaume wa rika lake kule kwetu, kumwuliza "sasa?" msichana aliyeanza kazi juzi ni jambo zito. Ninawaambia kwa sababu wengi hawakuliona. Mimi nililiona.

Daktari Salome alimpa Chui mkaa wa dawa uliosagwa ukachanganywa na maji, akamwosha kwa sabuni mara kadhaa. Halafu akafanya jambo ambalo sijalisahau. Alishika wayo wa nyuma wa Chui, akabana kidole kimoja kwa nguvu. Akangoja. Chui akavuta mguu. Kidogo sana, kama mtu anayevuta shuka usingizini, lakini akauvuta, akageuza kichwa kumtazama anayemfinya.

"Anasikia," alisema. "Uti wa mgongo haujakatika. Umeumia, umevimba. Mguu umesahau kazi yake. Wanyama wanafundishwa tena, mzee, kama mtu aliyepata kiharusi. Kuna watu wanafanya kazi hiyo tu, mbwa na farasi, viungo vyao. Nilifundishwa kiasi. Nitakuonyesha."

Akanituma jikoni nilete maji moto. Niliporudi nimebeba sufuria kwa uangalifu, niliwaona wamesimama karibu na pikipiki, yeye anaongea kwa sauti ya chini na Baba anaitikia kwa kichwa. Sikusikia walichosema. Kumbukeni hapo.

Kuanzia siku hiyo kibanda cha kuni kilikuwa na kazi. Kitambaa kilichokamuliwa maji moto kwanza, juu ya nyonga, mpaka misuli ilegee. Kisha Baba alikunja mguu mmoja na kuukunjua, akauzungusha kama unavyoona mguu wa mtu anayeendesha baiskeli, kisha mwingine. Si kwa nguvu. Hilo lilimshinda mwanzoni, kwa sababu mikono yake ilizoea nyama ya watu wazima. Daktari Salome alipopita tena alimkaripia.

"Unamwuliza 'hapa, na hapa', mzee?"

"Ndiyo."

"Anakujibu?"

Baba akacheka. "Hajibu."

"Anajibu. Tazama masikio. Tazama mdomo ukikaza. Akilamba hewa, umefika mahali panapouma, toa mkono. Yeye hawezi kukudanganya."

Basi Baba akajifunza kunyamaza. Aliweka mkono na kutazama masikio. Nilikaa upande wa kichwa, kazi yangu ikiwa ni kusema, "Sikio," kila sikio la kushoto liliporudi nyuma, kwa sababu Baba hakuweza kuliona kutoka alipokaa. Ile sauti yangu ndogo ikisema sikio, sikio, naisikia mpaka leo nikiwa nimeshika mkasi.

Ili asimame, tulihitaji kitu cha kumbeba nyuma. Daktari alisema taulo, kanga, chochote kipana. Baba aliingia ndani akatoka na leso ya Mama, ya zambarau yenye maua meupe. Mama alitoka nyuma yake.

"Hiyo leso nilimbebea mtoto huyu."

"Najua."

"Baba Jepkorir, hiyo ni leso ya mtoto."

"Sasa imepata mtoto mwingine," Baba alisema.

Mama alisimama mlangoni mikono kiunoni kwa muda. Kisha akaja, akaichukua leso, akaikunja mara mbili vizuri, na kuipitisha yeye mwenyewe chini ya tumbo la Chui, kwa sababu Baba alikuwa ameiweka vibaya. "Ukimbeba hivyo utamkata mkojo," alisema, akarudi jikoni.

Tukawa tunatembea hivyo uani, Chui mbele kwa miguu yake miwili, na Baba nyuma ameinama, ameshika ncha za leso, akimwinua kiuno. Vidole vya nyuma vilikokota chini mpaka vikatoka damu. Baba akavuka barabara kwenda dukani kwa Mama Fatuma, ambaye mume wake ana malori na nyuma ya duka kulikuwa na mirundo ya mipira ya magurudumu. Nilikwenda naye.

"Nasikia una mgonjwa," Mama Fatuma alisema.

"Niko naye, mama."

"Mimi mbwa simgusi, unajua. Dini yangu."

"Najua. Ninataka tu kipande cha mpira wa ndani, nimshonee kiatu."

Mama Fatuma alimtazama, akainama chini ya kaunta, akatoka na mpira uliopasuka na mkasi. "Anavaa namba ngapi?" aliuliza, na uso wake haukucheka hata kidogo. Baba akamwonyesha kwa vidole. Akakata vipande viwili kwa mkono wake, akatutilia na uzi wa gunia, akakataa chochote. Yule ndiye aliyekuwa na sababu ya kukaa mbali na mbwa, na katika soko zima la Moiben yeye peke yake hakumcheka Baba. Hilo nalo nililiandika kwenye aya yangu.

Wengine walicheka. Wanaume waliokaa nje ya kinyozi walimwuliza Baba kama Chui atakimbia mbio ndefu au fupi. Shuleni wavulana wa darasa la sita walinisubiri kwenye mfereji. "Fathe yako anakandakanda dogi," waliimba. "Dogi akishapona, next ni ng'ombe?" Siku moja niliwajibu kwamba wakivunjika mgongo watakuja kupanga foleni nyuma ya dogi. Nilipigwa kofi kwa hilo, na sijutii.

Kisha akaja Kochi. Alikuwa mtu mpole, kusema kweli, si mbaya, na alikuja alasiri na gari la kambi, akaegesha nje ya lango badala ya kuingia. Baba alikuwa katikati ya ua, ameinama, leso mikononi. Chini tulikuwa tumelaza mabua ya mahindi, moja hapa, jingine mbele kidogo, ili Chui ajifunze kuinua miguu na kuvuka. Daktari Salome alisema farasi wanafundishwa hivyo kwa fito, lakini fito hatukuwa nazo, na mabua yalikuwa mengi mpaka basi.

"Mikono," Kochi alisema. "Vijana wamekataa kulala kwenye meza."

"Kwa nini?"

"Wanasema hiyo mikono inashika mbwa asubuhi, halafu inawashika wao. Wanaona kinyaa. Wengine wanasema ni mkosi, na mbio kubwa ziko karibu. Mimi siamini hayo, lakini sitaki mtu aende kwenye mstari na hiyo maneno kichwani."

"Ninanawa, Kochi. Sabuni ni ile ile."

"Najua. Achana tu na huyu mbwa mpaka mbio ziishe. Si mwaka. Kisha urudi kwake kama unataka."

"Mbio zikiisha mguu utakuwa umesahau kabisa."

Kochi alivuta pumzi. "Basi chagua."

Baba hakuinua kichwa. "Unaona nimeshika nini? Nikiachilia, ataanguka."

"Hilo ndilo jibu?"

"Ndilo jibu."

Kochi alisimama kidogo zaidi, kama mtu aliyesahau kitu, kisha akarudi garini. Baba akamwambia Chui, "Twende," wakavuka bua lililofuata. Mimi nilisimama pale na ile harufu ya mabua makavu, na nikangoja Baba aseme kitu kuhusu kazi yake. Keshoye hakwenda kambini, wala siku iliyofuata. Alikwenda kupukuchua mahindi kwenye mashamba ya watu kama kibarua, mtu aliyewahi kupigwa picha na mabingwa, na akirudi alinawa uso akaenda kibandani. Mama alimwekea chakula, na kwa siku nyingi hakusema naye ila kuhusu chumvi.

Mahindi yakaanza kuingia stoo. Kila gunia lililopita begani mwa mtu nililitazama kama adui. Chui alikuwa anasimama ukimsimamisha, akayumba, akakaa. Vidole vya nyuma vilianza kujinyoosha vyenyewe vikigusa chini. Baba alifurahia kila jambo dogo, lakini jambo dogo halikuwa sharti la Baba Mkubwa. Sharti lilikuwa kusimama.

Siku gunia la mwisho lilipoingia, Baba Mkubwa alikuja mchana, akivuta goti lake, gazeti mfukoni mwa koti. Aliikuta trela tupu imeegeshwa pale pale ilipomgonga Chui. Alikaa juu ya jiwe la kunolea. Baba alimfungua Chui leso. Aliichomoa yote, akaniwekea begani.

"Chui," aliita kutoka ng'ambo ya mabua.

Chui alisimama kwa miguu ya mbele. Kisha kiuno kikaja, kikayumba kushoto, kikarudi. Alivuka bua la kwanza. La pili akalikanyaga, akaanguka, akakaa chini akitutazama kama aliyetukanwa. Akasukuma, akainuka. Lakini hakuja kwa Baba. Alikata kona, mwili wote umepinda kama ufunguo mbovu, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye gurudumu la trela ile. Akalinusa. Akaegemeza bega lake kwenye chuma. Akainua mguu wa nyuma, ule uliokuwa mbaya zaidi, akasimama juu ya mmoja uliobaki, akalikojolea gurudumu kwa muda mrefu na bila haraka.

Mama ndiye aliyeanza kucheka, kutoka mlangoni. Baba alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi.

"Hajakimbia," Baba Mkubwa alisema.

"Hukusema akimbie," Baba alijibu. "Ulisema asimame. Huyo hata anasimama kwa mguu mmoja, na ni zaidi ya wewe."

Baba Mkubwa alilitazama goti lake, akalitazama gurudumu, akainuka kwa taabu, akaenda zake na gazeti lake.

Chui hakukimbia tena. Aliishi miaka mingine, akatembea upande upande, kiatu cha mpira kikipiga chini tap, tap. Asubuhi bado alikwenda langoni aliposikia viatu, akasimama, wakampita. Kambi haikumwita Baba tena, naye hakwenda kuomba. Kambi ikapata mchuaji mwingine. Lakini baada ya muda wakimbiaji wakaanza kuja wenyewe, kupitia nyuma, kwenye mahindi, ili Kochi asijue kwamba wanaumwa. Wa kwanza alikuwa kijana mrefu aliyewahi kukataa kulala kwenye meza. Alisimama mbele ya kibanda akaanza, "Mzee, si kitu, ni kubanwa tu kidogo…"

"Usiniambie," Baba alimkatiza. "Lala tu."

Alimlaza pale pale alipolala Chui, akaweka mkono, na hakuuliza hapa wala hapa. Alimtazama uso. Taya ya yule kijana ilipokaza, aliinua mkono na kusema, "Hapa umeumia vibaya, na unajua. Pumzika, ama utalia." Kijana akalia siku hiyo hiyo. Kwa miaka mingi wanaume wazima walikuwa wamemjibu Baba "hapana, hapana" juu ya meza ile, kwa woga wa kutolewa kwenye timu, naye alikuwa amewaamini.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba Baba aliweka kazi yake rehani ili mbwa wake akimbie tena, na kwamba alishindwa. Niliona alishindwa kwa heshima, lakini alishindwa. Nilimwonea huruma kidogo kila nilipomwona Chui langoni na wakimbiaji wanapita.

Siku ya mazishi alikuja Daktari Salome. Amenenepa sasa, ana nywele nyeupe chache mbele. Alikaa nami kwenye viti vya nyuma watu walipokuwa wanakula, akaniuliza kwa nini wasifu haukumtaja Chui. Nikamweleza. Akasema, "Siku ile ya kwanza, karibu na pikipiki, nilimwambia baba yako ukweli. Nilimwambia huyu hatakimbia tena hata ukae naye mwaka. Akifaulu sana atatembea mwenyewe mpaka nje kukojoa. Nikamwuliza kama anataka tumalizie hapo, kwa sindano, bila maumivu. Akaniambia, 'Kutembea mpaka nje kunatosha.'"

Kwa hivyo alijua. Kochi alipomwambia achague, alijua ameshika nini na leso ile, na alijua haina mbio yoyote mwisho wake. Hakucheza kamari. Aliona kwamba kiumbe kufika nje kwa miguu yake mwenyewe kunatosha kumgharimu mtu kazi, akalipa, na hakumwambia mtu yeyote ili asifiwe. Halafu wakaja kuandika kwamba alistaafu kwa sababu za kiafya. Baba yangu hakuwa mgonjwa. Alifukuzwa kazi juu ya mbwa, na angefukuzwa tena.

Jioni, watu walipokuwa wametawanyika na vijana wanakunja hema, nilimkuta Baba Mkubwa amebaki peke yake kwenye kiti cha plastiki. Alijaribu kuinuka akarudi chini, akajaribu tena. Goti lilikuwa limekataa. Nilikuwa bado na hasira naye, na sikuificha. Nilikwenda jikoni nikarudi na kitambaa kilichokamuliwa maji moto, nikapiga magoti kwenye nyasi, nikamkunja suruali.

"Ni hapa ndani, upande wa…"

"Usiniambie," nilisema.

Niliweka kitambaa mpaka kikapoa. Kisha nikakunja mguu polepole na kuukunjua, nikimtazama uso, si goti. Mdomo wake ulipokaza nikasimama hapo. Ulipolegea nikaendelea. Aliniachia mguu, mzee wa kanisa na tai yake ya mazishi.

"Hii umefundishwa na nani?" aliuliza hatimaye. "Na Mikono?"

"Na Chui," nilisema.

Alitazama kuelekea kaburini, ambako udongo ulikuwa bado mbichi. Kisha akausogeza mbele mguu wa pili.